Kinu cha Mkono au Mashine ya Umeme? Kagera Ilikaa na Kahawa Enzi na Enzi Bila Kusaga Hata Punje

Wadau, siku hizi ukifungua Instagramu hukosi video ya mtu anazungusha kinu kidogo cha kahawa taratibu, muziki laini unapiga nyuma. Ukishuka chini unakuta ubishi umewaka. Kundi la kwanza linasema kinu cha mkono ndiyo mpango mzima. Kundi la pili linasema huo ni utumwa, nunua cha umeme, bonyeza kitufe, maisha yaendelee.

Ubishi mtamu, ila kuna upande mmoja haugusiwi kabisa, na ni wa kwetu wenyewe. Ni upande wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, ambako kahawa ilikuwa sehemu ya maisha kabla mtu yeyote kule hajawahi kuona chombo cha kuisagia.

Ndiyo, umesoma vizuri. Wahaya walikuwa na kahawa na hawakuisaga. Waliitafuna.

Kwa hiyo leo tunarudi nyuma kidogo, halafu tunamalizia na swali lenu la kununua nini. Na tutawafuata watu wasio na majina. Historia ya kahawa imeandika majina ya watawala, wazungu na makampuni. Aliyechemsha, aliyebeba, aliyekoboa na aliyezungusha mkono wa kinu, hakuna aliyemuuliza anaitwa nani.

Aliyechemsha

Anza na mama wa Kihaya, miaka mingi kabla ya ukoloni. Kwenye kibanja chake kuna migomba, na katikati ya migomba kuna mibuni michache. Hii ni robusta, kahawa ambayo asili yake ni Afrika na ambayo ukanda wa magharibi mwa Ziwa Viktoria umeishi nayo tangu zamani. Haikuletwa na meli.

Huyu mama hasubiri matunda yaive yawe mekundu. Anayachuma yakiwa mabichi, anayachemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha anayakausha. Kinachobaki ni tunda zima na ganda lake, jeusi, kavu, lenye uchungu na harufu ya mitishamba. Unatupia mdomoni, unatafuna taratibu, stori zinaendelea. Hiyo ndiyo akamwani, na mpaka leo ukipita Bukoba utaikuta inauzwa. Mgeni akifika nyumbani anakaribishwa kwayo. Kuikataa bila sababu ilikuwa kama kumkatalia mwenyeji mkono wake.

Kahawa hiyo ilikuwa na kazi nzito zaidi. Watu wawili wakitaka kuwa ndugu wa damu, jambo ambalo Wahaya wanaliita omukago, walichukua tunda moja la kahawa. Ndani ya tunda kuna punje mbili, zimelaliana kama mapacha. Kila mmoja alijichanja kidogo, akapaka damu yake kwenye punje moja, mwenzake akaila. Kuanzia hapo wewe na yeye mmetoka tunda moja. Usaliti hapo haukuwa mchezo.

Lakini tusiipambe historia. Kahawa haikuwa ya kila mtu kwa usawa. Wafalme, yaani Abakama, waliishikilia. Nani apande, nani auze, hayo yalikuwa mambo ya ikulu. Na angalia ujanja ulio ndani yake: tunda lililochemshwa haliwezi kuota tena. Ukinunua akamwani unapata utamu wa kutafuna, ila mbegu hupati. Mpango wa kukuacha mteja milele haukuanza na makampuni ya simu.

Aliyeponda

Sasa tuhame upande wa pili wa nchi, kwa sababu huko ndiko kusaga kulikokuwa.

Pwani, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Zanzibar na Kilwa, watu walikuwa wanywaji. Kahawa ya kunywa iliwafikia kupitia Bahari ya Hindi, kutoka Uarabuni, pamoja na mdila wake na vikombe vidogo visivyo na mkono. Hapo kuna mtu mwingine asiye na jina: muuza kahawa. Kabla hujamsikia akigonga vikombe mtaani, alikuwa ameshakaanga buni zake na kuzitwanga. Chombo chake kilikuwa kinu na mchi, sawa na vile vya kutwangia viungo, na nguvu yake ilikuwa bega.

Kwa hiyo nchi hii ilikuwa na desturi mbili za kahawa. Magharibi walitafuna bila kusaga. Pwani walitwanga wakanywa, na kashata pembeni. Ukiona mtu wa Bukoba haoni ajabu kutafuna kahawa na mtu wa Zanzibar anashangaa, ujue ni historia mbili zimekutana kwenye meza moja.

Ulaya nako kulikuwa na njia ya tatu: kinu cha kuzungusha, chenye meno ya chuma ndani na droo ya kupokea unga chini. Familia ya Peugeot kule Ufaransa ilianza kutengeneza vinu vya kahawa mwaka 1840. Hao hao wa magari, ndiyo. Walisaga kahawa karibu miaka 50 kabla ya kutengeneza gari lao la kwanza.

Shika hapo, kwa sababu ndipo stori ya Kagera inapogeuka.

Aliyebeba

Mwaka 1890, Emin Pasha, akiwa upande wa Wajerumani, alianzisha kituo Bukoba, ukingoni mwa ziwa. Wajerumani wakaleta na arabika, wakasukuma watu walime kahawa kwa ajili ya kuuza nje. Mwaka 1901 reli ya Uganda ikafika Kisumu. Ghafla Bukoba ikawa na njia ya kwenda duniani: gunia linapanda chombo ziwani, linashuka Kisumu, linapanda treni mpaka Mombasa, kisha meli.

Kilichosafiri kilikuwa buni mbichi. Si kahawa iliyokaangwa, wala unga. Sababu ipo, na ni ile ile itakayokusaidia kuchagua kinu chako leo.

Buni mbichi ikikauka vizuri inakaa miezi mingi bila shida kubwa. Ukishaikaanga, saa imeanza kuhesabu, na ndani ya wiki chache harufu inaanza kupungua. Ukishaisaga ndiyo kabisa. Punje moja imekuwa chembe nyingi mno, hewa inaingia kila upande, na ile harufu iliyokufanya ufumbe macho inaondoka ndani ya siku chache, nyingine ndani ya dakika. Kwa hiyo kukaanga na kusaga kunatakiwa kufanyika karibu na mnywaji.

Na mnywaji alikuwa Ulaya.

Unaona mtego? Mkulima alibaki na kazi ya shamba, kuchuma, kuanika na kubeba. Kukaanga, kusaga, kufungasha na kubandika nembo kulibaki kule ambako vinu vilikuwapo. Pesa nayo ikakaa zaidi huko. Hakuna aliyetunga sheria ya kumkataza Mhaya kusaga. Ila kahawa ilikuwa imegeuka kutoka kitu cha kumkaribisha mgeni na kuwa kitu cha kulipia kodi na ada ya shule. Mtu hasagi ada ya shule.

Wakulima hawakukaa kimya kama kondoo. Mwaka 1937, wakati wa Waingereza, serikali ilibana watu na kanuni za namna ya kutunza mibuni. Wilaya ya Bukoba ya wakati huo, ambayo ndani yake ilikuwemo Muleba ya leo, ikawaka. Watu waliandamana na kukataa kuamriwa ndani ya vibanja vyao. Kwao kibanja hakikuwa kiwanda cha serikali. Kilikuwa na nyumba, migomba, na makaburi ya wazee.

Baadaye wakaja na silaha nyingine: ushirika. Bukoba Native Co-operative Union ilipata nguvu miaka ya 1950, na ndiyo ukoo ambamo KCU ya leo imetokea. Baada ya Uhuru, katika miaka ya 1960, Bukoba ikapata kitu kikubwa: kiwanda cha TANICA cha kahawa ya papo hapo. Hapo angalau buni za Kagera zilianza kukaangwa na kusagwa Kagera yenyewe, kwa mashine kubwa, kisha zinakamuliwa kwa maji ya moto na kukaushwa kuwa unga wa kukoroga.

Hilo si jambo dogo na tusilibeze. Lakini ndani ya nyumba bado kusaga hakukuingia. Mtu ana mibuni nje ya dirisha, na mezani ana kopo la kahawa ya kukoroga. Wengine hawana hata hilo, wanakunywa chai.

Halafu kuna kidonda kinaitwa butura. Waulize watu wa Kamachumu au Nshamba, watakuelewa mara moja. Mkulima ana shida ya leo, ada au hospitali, na kahawa bado ni maua mtini. Anakuja mtu na pesa taslimu, anainunua ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika mkulima anachuma kahawa ambayo si yake. Mwaka 2018 serikali ilielekeza kahawa iuzwe kupitia vyama vya msingi, na moja ya sababu ilikuwa kuwabana walanguzi wa aina hii. Ila butura inatufundisha jambo: ukiwa na hatua moja tu ya kuuza, unauzwa nayo.

Sasa turudi kwenye ubishi wenu

Nilichotaka kusema ndicho hiki. Kinu cha kahawa, hata kile kidogo cha kwenye video, ni hatua ya mwisho ambayo Kagera haikuwahi kuwa nayo nyumbani. Kijana wa Kashai au Rwamishenye anayenunua kilo ya buni kwa jirani, anaikaanga na kuisaga mwenyewe, amebakisha Bukoba kazi ambayo kwa zaidi ya miaka 100 ilifanyika kwingine. Kwa hiyo swali la mkono au umeme si la urembo wa jikoni. Lijibu kwa hesabu.

Kwanza, usichanganye mambo mawili. Watu wanabishana mkono dhidi ya umeme, wakati kinachoamua ladha ni kilichomo ndani: meno au visu. Kinu chenye meno kinaipitisha punje kati ya sehemu mbili za chuma au kauri, unapanga nafasi, na chembe zinatoka zikikaribiana ukubwa. Mashine ya visu inakatakata ovyo. Zingine zinakuwa vumbi, zingine zinabaki mapande. Vumbi linatoa uchungu mwingi, mapande yanatoa maji maji, na vyote viko kwenye kikombe kimoja. Kile kijagi kidogo cha blenda kilichopo jikoni kwenu ni cha visu. Na kama jana kilisaga bizari ya pilau, leo utakunywa kahawa ya pilau.

Kwa hiyo kinu cha mkono chenye meno kinaishinda mashine ya umeme yenye visu, hata kama ile ya umeme inang'aa zaidi. Hapo hakuna ubishi.

Pili, unasaga kiasi gani? Chukua kikombe kimoja ni gramu 15. Nyumbani mko wawili, hizo ni gramu 30, mzigo mmoja wa kinu cha mkono. Dakika moja au mbili, umemaliza, na hujatoka jasho. Lakini tuseme umefungua kibanda karibu na stendi na una wateja 50 kwa siku. Hizo ni gramu 750. Kinu cha gramu 30 utakijaza mara 25. Hata ukienda kwa dakika moja na nusu kila mara, ni zaidi ya nusu saa ya kuzungusha, na mteja wa saa moja asubuhi hatakusubiri umalize mazoezi. Biashara inataka umeme, na iwe ya meno.

Tatu, umeme wenyewe. Watu wengi wanaogopa LUKU itaisha. Hesabu inasema usiogope. Mashine ndogo ya wati 150 ikifanya kazi dakika 10 kila siku kwa siku 30 haimalizi hata uniti moja. Pasi yako ni adui mkubwa zaidi. Tatizo la kweli ni umeme kutokuwepo saa unayouhitaji. Kagera inalijua hili kuliko mikoa mingi, kwa sababu kwa miaka mingi ilikuwa nje ya gridi ya Taifa na umeme wake mwingi ulitoka Uganda. Huko nyuma ungeweza kukaa gizani Muleba kwa hitilafu iliyotokea nchi nyingine. Anayefanya biashara aweke cha mkono pembeni kama akiba. Siku umeme ukigoma, kitaokoa wateja kumi wa kwanza.

Nne, hali ya hewa. Bukoba ni moja ya miji inayopata mvua nyingi sana Tanzania, na unyevu wa ziwa haulali. Unga wa kahawa unaunyonya huo unyevu na kupoteza harufu upesi. Saga ya leo, leo. Buni zilizokaangwa zikae kwenye chombo kinachofunga vizuri. Na meno ya chuma usiyaoshe kwa maji, yatashika kutu. Yasafishe kwa brashi kavu, inatosha.

Tano, unainywaje? Kama ni ya kuchemsha, ile ya mdila au sufuria, saga laini. Kama ni ya kuloweka na kukamua kwa chujio la kusukuma, saga mapande kama chumvi ya mawe. Robusta ya kwetu ina kafeini karibu mara mbili ya arabika na uchungu wake unajitokeza haraka. Ukiisaga vumbi halafu ukailoweka muda mrefu, usije kusema kahawa ya Bukoba mbaya. Umeikosea wewe.

Na jambo la sita kwa wale wabunifu kupita kiasi: usipeleke kahawa yako kwenye mashine ya kusaga mahindi na mihogo. Mashine ile inachemka, na itakurudishia kahawa yenye ladha ya udaga. Mwenye mashine naye hatakushukuru wateja wake wakila ugali wa kahawa.

Nunua hivi

Unaishi peke yako au na mwenza, iwe Kashai, Muleba mjini au Sinza: chukua cha mkono chenye meno. Kitadumu, kitafanya kazi hata gizani, na pesa uliyookoa nunulia buni nzuri.

Unafungua kibanda au mgahawa: chukua cha umeme chenye meno, na cha mkono kiwe akiba. Cha visu waachie wa viungo.

Huna hela ya chochote: kinu na mchi vipo. Muuza kahawa wa pwani alilisha watoto navyo. Ponda kidogo kidogo, chekecha, rudia mapande. Itanyweka vizuri tu.

Na ukiwa unazungusha, kumbuka kuwa kule Muleba kuna mtu kaanika buni kwenye mkeka, anaziangalia mvua isije ikazilowesha, na bei yake ataijua siku ya kuuza. Kama unaweza kununua buni moja kwa moja kwa chama chake au kwa wachomaji wa hapo hapo Bukoba, nunua. Kopo zuri lenye picha ya mlima wa nchi nyingine halimfikishii kitu.

Cha kufurahisha ni kwamba yule mama wa mwanzo bado yupo. Akamwani haijafa. Hana kinu, hana LUKU, haitaji meno ya chuma. Yake yako mdomoni, na kahawa yake haijawahi kukatikiwa umeme.

Haya, uwanja ni wenu. Mkono au umeme? Na nyie watoto wa Kagera mliopo mjini, mara ya mwisho kutafuna akamwani ilikuwa lini? Shusha komenti.